Disko wanaloliogopa wazee, na disko letu



Kila mwaka majibu ya Kidato cha Sita yakishatoka, mwezi wa saba, simu yangu haipumui. Wanaopiga hawana haja na habari za gazetini. Ni wazee wa Utaani, wa Jadida, wa Limbani, na mara nyengine ni mtu nisiyemjua kabisa aliyepewa nambari yangu na mama sokoni Wete. Salamu zitakuwa ndefu, ataulizwa kila mtu hali yake mpaka mbuzi, kisha litakuja swali lenyewe: "Mwanangu akienda huko Bara, atarudi na dini yake?"

Mpaka leo sijapigiwa simu na mzee anayeuliza kama mtoto atarudi na shahada.

Mimi nimeshafanywa ushahidi. Nimesoma chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kuanzia 2019 hadi 2022, nikatoka na cheti changu, na nikija likizo Ijumaa wazee wananiona kwenye safu. Mshahara wa ripota wa gazeti hauwasumbui, wanaukadiria kwa viatu vyangu wenyewe. Lakini kuswali bado naswali, basi kwao yatosha.

Hofu hii siichezei. Wazee wetu waliipata mbali. Wakati wa Mwingereza skuli za mashamba Unguja na Pemba zilikuwa zinakosa watoto, kwa sababu mzazi hakuona kwa nini amtoe mtoto chuoni kwa mwalimu wake wa Qur'ani ampeleke kwa mtu asiyemjua. Watoto walianza kuonekana Qur'ani ilipoingizwa kwenye ratiba ya skuli. Kwa hiyo mzee wa Wete anayeuliza leo habari ya dini anauliza alilouliza babu yake. Na waliovuka salama wako. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ya 1969 iko kwenye rafu za nyumba nyingi za kwetu, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali kabla hajawa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Chaki na msala alivibeba pamoja. (Sitaanza habari za Fatima al-Fihri na msikiti wa Fez, maana kila mhadhara wa vijana unaanza naye, na wasikilizaji wanasinzia palepale.)

Ila nina neno moja kwa wazee wangu. Nyinyi mnaogopa disko. Mnaona mtoto atashuka boti bandarini Dar, jioni yuko kwenye ngoma. Sisi chuoni tulikuwa na disko letu, na ndilo lililotukosesha usingizi. Lugha ya wanafunzi "kudisko" ni kuondolewa masomoni kwa kufeli. Unafungasha, unarudi kwenu. Katika wale wa kwetu niliowaona wakirudi kabla ya wakati, aliyepotea kwa ngoma simkumbuki. Waliorudi walirudishwa na karatasi ya mtihani.

Sasa kwa nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwetu ukisema mtoto kaenda chuoni, hakuna anayedhani kaenda Mlimani. Chuo ni kwa mwalimu, juzuu mkononi, kwenye jamvi. Huko ndiko tulikojifunza kusoma kabla hatujajua skuli iko wapi. Na chuo kile kimetupa kitu kikubwa, kuhifadhi. Nilisoma na kijana mmoja wa Konde aliyehifadhi Qur'ani yote, juzuu thelathini kichwani. Alikuwa akipewa karatasi za somo, baada ya siku mbili anakusomea ukurasa kwa ukurasa, Kiingereza chenyewe nusu hakijui maana yake. Sisi wengine tulikuwa tunamwonea kijicho cha wazi wazi.

Ukaja mtihani wa kwanza wa majaribio. Swali likatoa maoni ya mwandishi fulani kuhusu ukoloni na uchumi wa Afrika, likauliza: unakubaliana naye? Yule ndugu yetu akamwandika mwandishi mzima mzima, hakuacha nukta. Akapata 4 kati ya 15.

Bwenini maneno yakaanza. Mwalimu ana chuki na Waislamu. Kaona jina, kaona kofia, kamaliza. Maneno haya huenda haraka sana kwa sababu yanapoza. Ukishaambiwa umeonewa, huna tena haja ya kufungua kitabu. Sisemi kwamba uonevu haupo duniani, upo, na mimi kazi yangu ni kuuandika ninapoupata. Lakini ripota huuliza upande wa pili, hata akiwa mwaka wa kwanza. Nikamwambia twende kwa mwalimu.

Ilikuwa kazi kumfikisha mlangoni. Wazee wetu wametulea na haya, na haya ni katika imani, hilo halina mjadala. Lakini tukifika huko haya hiyo inageuka bubu. Tulikuwa Wapemba sita katika kundi la semina la watu ishirini, na sote sita tulikaa nyuma. Kijana wa Mwanza ananyanyua mkono anasema kitu ambacho hata yeye hakielewi, anapata alama ya kushiriki. Sisi tunalijua jibu, tunalimeza. Kiingereza kinatutia aibu. Tunaogopa kuchekwa kwa lafudhi, tunaogopa kumkatiza mkubwa.

Basi tukaingia. Mwalimu akaitazama karatasi, akasema maneno machache tu: "Umenirudishia yaliyomo kwenye kitabu. Kitabu ninacho. Wewe uko wapi humu?" Hakuwa mkali. Akatuonesha mstari kwa mstari pale ambapo alitaka kusikia "lakini".

Tukatoka kimya. Tulipofika chini ya mwembe yule ndugu yangu akasimama, akacheka peke yake. Akasema: "Hii si ndiyo darsa?"

Wallahi sikumwelewa mwanzo. Akanieleza. Kwao Konde, baina ya Magharibi na Isha, sheikh hufungua kitabu cha fiqhi, husoma mstari, husimama. Imam Shafi kasema hivi. Abu Hanifa kasema vile. Huyu dalili yake nini, na yule kwa nini hakuikubali? Kisha humgeukia kijana: wewe umefahamu nini? Amekaa kwenye duara lile tangu ana miaka kumi na minne. Kazi ya kupima hoja ya mtu mkubwa bila ya kumvunjia adabu alikuwa anaijua zamani, kuliko wengi waliokuwa wanazungumza kwa sauti kwenye semina yetu. Yeye alikwenda chuo kikuu na kile cha jamvini cha kuhifadhi, ile darsa ya msikitini akaiacha Konde, akidhani haihusiki.

Tangu siku ile nikaona mambo kwa jicho jengine. Yeye hakugeuka kwa wiki moja, msinielewe vibaya. Kiingereza kilimtesa mpaka mwaka wa pili. Alikuwa anaandika hoja kwa Kiswahili kwanza, tena Kiswahili cha Pemba kabisa, kisha anaitafsiri usiku. Lakini mwaka wa tatu kundi la majadiliano lilikuwa linakutana kwake, na waliokuja walikuwa na majina ya Joseph na Neema, wa Mbeya, wa Bukoba, wamebeba madaftari. Adhana ikilia wanasema wenyewe, nenda kaswali tunakungoja.

Kuhusu wasichana nitasema moja. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Maulamaa wameipokea hiyo na kila ustadhi wa kwetu anaijua. Sasa ikiwa haya haikuzuia kuuliza habari za tohara na hedhi mbele ya Mtume, itazuiaje kuuliza habari za hesabu mbele ya mhadhiri?

Mengine yanasumbua watu zaidi ya yanavyostahiki, nitayapita.

Swala. Watu wanadhani swala tano zinakula muda wa kusoma. Mimi zilinipa ratiba ambayo nisingeiweka mwenyewe. Dar es Salaam Alfajiri inaingia mapema, na mtu akishaswali akajizuia asirudi kitandani, saa 11 na nusu mpaka saa 1 asubuhi ni yake. Bweni zima limelala, hakuna redio, hakuna anayekuomba chaja. Saa moja na nusu kwa siku tano ni saa saba na nusu. Muhula wa wiki 15 unapata zaidi ya saa 110. Hiyo ni mitihani kadhaa. Ijumaa nayo ina ujanja wake. Semina huwa na makundi mengi, basi wiki ya kwanza kabisa kajiandikishe kwenye kundi lisilogonga saa 7 mchana. Ukisubiri wiki ya nne utakuta makundi yamejaa, utaanza kulaumu. Chakula, kwa Dar es Salaam, si tatizo la kuandikiwa aya nzima.

Ramadhani ndiyo kazi. Ya 2020 niliifunga Wete, vyuo vyote vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Ya 2021 na 2022 zote ziliangukia Aprili, katikati ya masomo, majaribio yamepangwa mchana wa jua. Nilijifunza kulala baada ya Adhuhuri, hata nusu saa, na kusoma baada ya tarawehe. Futari tulikuwa tunachanga. Hapo ndipo unapoiona faida ya jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Vyuo vingi vinazo, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaitwa MSAUD. Mtoto aliyetoka Wete peke yake anapata watu wa kumwuliza "mbona hukuonekana Alfajiri?" na "lile jaribio umepata ngapi?" Lakini niseme na hili, hata wakinikasirikia. Wapo ndugu waliogeuza jumuiya kuwa ndiyo shahada. Kila kikao wamo, kila mhadhara wao ndio wanaofunga spika, na mwisho wa mwaka wana sapu nne. Kumsaidia Muislamu mwenzako na wewe ukafeli ni hesabu ambayo sijaielewa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo.

Mwaka juzi binti wa ami yangu alipata nafasi Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kusoma upimaji ardhi. Ami akasema hapana. Hakupiga kelele, ami si mtu wa kelele, alisema tu kuna vyuo vya Kiislamu, aende huko. Na kweli vipo, na si vya kubezwa. Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu na kile cha Chukwani, ambacho sasa kina jina la marehemu Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, vyote vilianza 1998. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kupokea wanafunzi 2005, kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Nina wenzangu kazini waliotoka Morogoro, wanaandika vizuri kuliko mimi. Tatizo lilikuwa dogo na kubwa. Somo alilolitaka mtoto halikuwemo kwenye orodha zao. Kumsomesha ualimu mtu anayetaka kupima ardhi, kwa ajili ya kibao cha getini, si kumhifadhi.

Nikaitwa. Nikapanda gari ya 606 kutoka Chake, nikafika Wete baada ya Isha, tukakaa barazani. Kahawa ikaja, kashata zikaja. Ami akauliza matatu. Dini yake? Nani atamwangalia? Na huo mkopo, si riba?

La mkopo ndilo nililolipenda, kwa sababu lilikuwa swali la mtu aliyefikiri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, kwa miaka kadhaa ilikuwa inaongeza asilimia 6 kila mwaka juu ya deni, wakiita tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Chumbani kwetu tulilijadili hilo mpaka usiku mkubwa. Mmoja akisema ni riba iliyobadilishwa jina, mwengine akisema shilingi inashuka, anayelipwa pungufu ndiye anayedhulumiwa. Kuna aliyekataa mkopo kabisa, baba yake akauza ng'ombe. Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile, mjadala ukapoa. Nikamwambia ami, sasa kinachokatwa ni deni lenyewe, asilimia 15 ya mshahara mtu akishaajiriwa, kama sheria ilivyobadilishwa 2016. Na Zanzibar tangu 2011 tuna bodi yetu ya mikopo, aombe na huko aulize masharti. Kama moyo bado unasita, amwulize sheikh anayemwamini, amwoneshe na karatasi za mkopo wenyewe, asimsimulie tu.

La dini nilimjibu kwa mtu anayemjua. Maalim Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe mwaka 1943, hapa hapa kwetu. Siasa zake tuziweke kando, kila mtu na chama chake. Alimaliza skuli 1963, mapinduzi yakaja, walimu wa Kiingereza wakaondoka, vijana kama yeye wakabakishwa kusomesha. Alisubiri mpaka 1972 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1975. Mtu mzima, karibu miaka thelathini, anakaa darasani na watoto. Alipofariki Februari 2021 alizikwa Mtambwe, na ami mwenyewe alikwenda kuzika. Nikamwuliza: ami, siku ile kuna mtu uliyemsikia akisema Mlimani ilimwondolea dini?

Ami akanywa kahawa.

Binti mwenyewe alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua vikombe. Akasema kwa sauti ya chini, na adabu zake zote: "Baba, lile shamba la Piki, mlipokwenda kwa sheha, nani aliyepima mpaka?"

Msomaji wa Bara nikueleze. Shamba lile ni katika zile eka tatu tatu ambazo serikali iligawa baada ya mapinduzi ya 1964. Aliyepewa alikuwa babu. Mikarafuu imo, na mpaka na jirani una ugomvi mkubwa kuliko umri wangu.

"Hakupima mtu," ami akasema. "Walihesabu hatua."

"Hatua za nani, baba?"

Sikuongeza kitu. Hapakuwa na la kuongeza. Mimi nilikuja kumtetea mtoto wa watu na yeye alikuwa ameshanyanyua mkono wake mwenyewe.

Aliondoka na boti ya Mkoani. Mama yake alisoma dua njia nzima kutoka Wete. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikija Pemba, kwetu safari ya boti si jambo la kupungiana mikono tu. La nani atamwangalia lilipata jibu huko huko. Wasichana watatu, mmoja wa Chake, mmoja wa Tanga, mmoja wa Kondoa, wakapanga chumba, wanaamshana Alfajiri kwa zamu.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha alikuwa na sapu moja, ya hisabati. Mengine yote alifaulu. Habari ikafika Wete kabla hajaipeleka yeye, hamjui inavyofika. Ami akanipigia usiku, salamu fupi kuliko kawaida.

"Hii sapu ni kitu gani? Ndiyo hilo disko lenu?"

"Siyo, ami. Ni kurudia mtihani mmoja. Akipita, anaendelea."

"Anarudia lini?"

"Mwezi ujao."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia watu nyuma yake wanafagia jamvi.

"Basi mwambie asome, asije huku. Karafuu za mwanzo nimeshaanika. Na mwambie amwulize huyo mwalimu wa hisabati mpaka achoke."